Mwalimu Aliyesahihisha Daftari Lake: Tukisoma "Tujisahihishe" na "Juliasi Kaizari" Nagongera

Miongoni mwa kazi zote za mwalimu, hapana inayochosha kama kusahihisha madaftari. Kufundisha kuna raha yake, maana darasa hujibu. Bali fungu la madaftari sitini juu ya meza, usiku, mbele ya taa, halijibu neno. Hapa Nagongera kazi hiyo yajulikana sana. Mji huu mdogo wa wilaya ya Tororo, ambao reli ya kwenda Kampala yaupitia, umelea walimu kwa miaka mingi. Kilichokuwa Chuo cha Taifa cha Ualimu sasa ni tawi la Chuo Kikuu cha Busitema, na vijana wanaokuja kujifunza ualimu hupewa kalamu nyekundu mapema kuliko wanavyopewa hekima ya kuitumia. Jioni moja, tulipokuwa tukisoma pamoja tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, mwanachuo mmoja aliuliza, "Na daftari la mwalimu husahihishwa na nani?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu, na makala haya ni jaribio la kumjibu.

Neno lenyewe limo katika maandishi ya Nyerere. Mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika, alitoa kijitabu kwa wanachama wa TANU akakiita "Tujisahihishe". Wengi wetu tumelizoea jina hilo hata hatulisikii tena. Basi na tulifanyie uchambuzi kama tuwafanyiavyo wanafunzi wetu. Tu- ni nafsi ya kwanza, wingi: msemaji yumo. -ji- ni kiambishi cha kujitendea: anayetenda ndiye anayetendewa. Shina ni sahihi, nalo limetiwa kauli ya kutendesha. Na ile -e ya mwisho ni ya kutakia. Jambo halijatendeka, linatakiwa litendeke. Zaidi ya hayo, kitenzi hiki ni cha darasani. Hakutwaa neno la msikitini au la kanisani, kama vile kutubu; wala hakutwaa neno la mahakamani. Alitwaa neno la yule mtu mwenye kalamu nyekundu, naye mwenyewe alikuwa mwalimu aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuiacha kazi hiyo mwaka 1955. Kosa la kisiasa likawa, kwa neno moja, kosa la daftarini: haliombewi msamaha, wala halifungiwi mtu gerezani, linapigwa mstari na kuandikwa upya.

Hoja kubwa ya kijitabu ni juu ya ukweli. Mwandishi anauona ukweli kuwa ni kitu kisichojua vyeo wala urafiki, ambacho mtu akikidharau hakimwachi salama. Kwa hiyo kiongozi anayeikataa hoja kwa kuwa aliyeitoa ni mdogo, au hampendi, hamdhuru mtoa hoja bali anajidhuru mwenyewe. Lugha ya kijitabu ni nyepesi, yenye sentensi fupi, karibu na mazungumzo; yaonekana iliandikwa kwa watu waliokuwa wakisomeana kwa sauti. Hapo ndipo penye nguvu yake. Lakini mhakiki hana budi kuonyesha udhaifu pia, na udhaifu umo katika kiambishi kile kile cha kwanza. "Tu" ni nyumba kubwa. Watu wengi waweza kuingia humo na kila mmoja akadhani anayeambiwa ni jirani yake. Sote tukikosa, hakuna aliyekosa. Laiti kijitabu kingeitwa "Nijisahihishe", sijui ni viongozi wangapi wangekinunua. Ila kingekuwa kigumu zaidi kukikwepa.

Ile "ni" iliyokosekana katika kijitabu twaikuta mahali pengine, pasipotazamiwa. Mwaka 1963 Oxford University Press ilichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, ikiwa na jina "Julius Caezar". Wakati ule mfasiri alikuwa Rais wa nchi. Rais anapotoa kitabu, mara nyingi kitabu hicho husifiwa, huwekwa rafuni, na mambo huishia hapo. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ikatoka tena, imepitiwa upya na mfasiri mwenyewe, na safari hii jina lake ni "Juliasi Kaizari". Hata asiyefungua kitabu anaiona kalamu nyekundu palepale juu ya jalada. Katika jina la kwanza, Mrumi huyo amekaa nusu kizungu na nusu asijulikane ni wa wapi: "Caezar" si tahajia ya Shakespeare, wala si matamshi ya Mswahili. Katika jina la pili irabu zimekaa mahali pake, na mtoto wa shule anaweza kulitamka bila kuuliza. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili walikuwa wamekwisha kumzoea "Kaisari", kwa hiyo mfasiri alimrudisha mtu huyu karibu na jamaa zake. Ni jambo dogo? Katika tafsiri hakuna jambo dogo, na kwa mtu mwenye shughuli za dola, kurudia kazi ya miaka sita nyuma ili kurekebisha irabu na mistari si jambo la kupitia harakaharaka.

Yafaa tukumbuke pia kwamba Kiswahili hakukinyonya kwa mama yake. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, na shule aliianza Musoma mwaka 1934 akiwa na umri upatao miaka 12. Nalitaja hili kwa ajili ya wasomaji wetu wa huku mpakani. Hapa petu mtoto huanza na Dhopadhola, na jirani zake huanza na Kiteso au Kisamia. Kiswahili hukikuta sokoni, kwa wafanyabiashara wa Malaba na Busia, kwa madereva wa malori na kwa polisi. Wazee wetu wanakikumbuka kwa namna nyingine, kwa kuwa kwao kilikuwa lugha ya askari. Idi Amin alipotangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa, tangazo hilo halikukipatia wapenzi. Na mwaka 1979 waliokuja kumwondoa, askari wa Tanzania waliotumwa na Nyerere huyu huyu, nao walizungumza Kiswahili. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Vema. Lakini nani atafundisha? Mwalimu aliyekwisha kupata cheti chake miaka 20 iliyopita, na ambaye sasa ni mwalimu mkuu, anatakiwa aketi ajifunze ngeli pamoja na vijana aliowafundisha yeye mwenyewe. Nimewaona waliokubali. Nimemwona pia mmoja, sitamtaja wala shule yake, aliyesema kwamba mtu wa cheo chake hawezi kukosea mbele ya watoto. Tangu siku hiyo hajakosea, kwa kuwa hajafungua kinywa.

Tamthilia ya Juliasi Kaizari, iliyochezwa London mwaka 1599, inamhusu mtu huyo. Shuleni tumezoea kuifundisha kama hadithi ya tamaa ya madaraka na usaliti wa rafiki, na mitihani huuliza hayo. Mimi naona dhamira yake nyingine, nayo ni hii: viongozi wenye akili timamu wanavyoshindwa kufundishika. Mtazame Kaizari mwenyewe. Mpiga ramli anamwonya hadharani juu ya siku fulani ya mwezi wa Machi. Anamwita mtu wa ndoto, anapita. Mkewe anamsihi asitoke. Anakubali, kisha Decius anaifasiri ndoto ile ile ya mkewe kwa namna ya kumpendeza, naye anatoka. Njiani Artemidorus anampa karatasi iliyoandikwa majina ya wote wanaotaka kumwua. Kaizari anaambiwa kwamba habari hiyo inamhusu yeye mwenyewe, naye anajibu kwamba linalomhusu yeye litakuja mwisho. Jibu hilo lina sura ya uungwana; nimewahi kusikia likisifiwa darasani kuwa ni mfano wa kiongozi asiyejipendelea. Mimi silisifu. Ni jibu la mtu anayeipenda sura yake ya uungwana kuliko karatasi aliyopewa. Anakufa hajaisoma. Na muda mfupi kabla ya visu, anajilinganisha na nyota ya kaskazini isiyohama mahali pake, akiona fahari kwamba hawezi kubadilishwa na maneno ya mtu.

Hapo wengi huishia, wakisema: basi, Kaizari hakusoma, Brutus alisoma. Shakespeare ni mjanja kuliko hivyo. Brutus ni msomaji kweli. Usiku wa kabla ya vita, hemani, anatafuta kitabu chake, anafungua ukurasa alioukunja, anataka kuendelea pale alipoachia. Nani katika sisi walimu asiyempenda mtu wa namna hiyo? Lakini tazama anavyosoma. Mwanzoni mwa tamthilia anarushiwa dirishani barua ambazo Cassius amezitunga. Barua hizo zina mapengo, na Brutus anayajaza mwenyewe, kwa maneno yaliyokwisha kuwamo moyoni mwake. Mwamba ngoma huivutia kwake. Amesoma, ila hakujifunza kitu ambacho hakukijua; alikuwa akisikiliza mwangwi wa sauti yake.

Kisha mtazame Brutus barazani. Cassius ana kasoro nyingi, ana wivu, na fedha zake zina maneno. Lakini anajua mambo ya dunia. Anashauri Antonio auawe pamoja na Kaizari, Brutus anakataa. Anashauri Antonio asiruhusiwe kusema mazishini, Brutus anakataa. Anashauri jeshi lisiende Filipi, adui aachwe achoke kwa safari. Brutus anakataa, tena anamkatiza maneno. Katika shauri la kwanza twaweza kumtetea, kwa kuwa damu si jambo la kushaurika. Katika la pili na la tatu sioni utetezi. Kila mara Brutus anashinda hoja kwa sababu watu wanamheshimu, na kila mara heshima hiyo ndiyo inayomponza. Hakuna anayethubutu kumsahihisha. Ndiyo maana naona kwamba tamthilia hii inakipita kile kijitabu. Kijitabu kinatuambia kwamba ukweli haujali mkubwa. Tamthilia inatuonyesha kwamba hata mtu mwema, mpenda vitabu, asiye na ubinafsi, anaweza kuusukuma ukweli mlangoni kwa upole kabisa.

Sidai kwamba Nyerere aliichagua tamthilia hii kwa sababu hiyo. Ilikuwa ikisomwa sana katika shule za wakoloni, na huenda kuichagua kulitokana na mazoea. Ninachosema ni kwamba mtu hawezi kuifasiri mistari yote hiyo, kisha kuirudia upya, bila kuishi na watu wale. Mfasiri analazimika kulisema kila neno la Kaizari kwa kinywa chake mwenyewe, na kila neno la waliomwua. Kwa rais wa nchi changa hilo si zoezi la lugha tu.

Kwa upande wa fani, tafsiri hii haina vina. Wakati ilipotoka, masikio ya wasomaji wengi wa Kiswahili yalikuwa yamezoea shairi lenye vina na mizani, na ule ubishi mkubwa juu ya mashairi huru, uliochochewa zaidi na "Kichomi" ya Kezilahabi mwaka 1974, ulikuwa bado. Kwa hiyo mfasiri alikuwa akijifunza mbele za watu namna ya kusema Kiswahili cha mistari kisichoegemea kina. Mahali pengine mstari unachechemea, na mpangilio wa maneno unamfuata Mwingereza hata msomaji anapoteza pumzi. Mahali pengine, hasa katika hotuba ya Antonio mazishini, Kiswahili kinatembea kwa miguu yake chenyewe. Sababu si ngumu kuiona. Hotuba ile ni ya hadhara, na mfasiri alikuwa ameshinda miaka kumi akihutubia hadhara kwa Kiswahili. Alijua pale alipostadi. Penye mazungumzo ya siri ya usiku bustanini mwa Brutus, ufundi unapungua. Mwalimu anayeifundisha tamthilia hii na awatangulize wanafunzi wake kwenye hotuba, kisha arudi bustanini, waone tofauti kwa masikio yao.

Sasa nije kwenye jambo litakalowaudhi baadhi ya wasomaji. Mwaka ule ule wa 1969 ilitoka tafsiri yake ya pili, "Mabepari wa Venisi". Katika Kiingereza jina la tamthilia linamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, si Shailoki. Katika Kiswahili amekuwa wengi, na biashara imekuwa ubepari. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili. Wahakiki wengi wamelisifu jina hili kwa uhodari wake wa kisiasa, na mimi nakubali kwamba ni hodari. Linamfanya msomaji wa Afrika ya Mashariki aone mara moja kwamba Antonio na Shailoki ni watu wa soko moja. Lakini jina hilo limetoa jibu kabla ya swali. Msomaji anafungua kitabu akiwa amekwisha kuambiwa nani mwovu. Katika "Juliasi Kaizari" nawaona mwanafunzi na mwalimu wakikaa katika kiti kimoja. Katika jina hili la pili mwanafunzi ameondoka, amebaki mwalimu. Tamthilia yenyewe ndani haikubali kufungwa hivyo, na mfasiri, kwa uaminifu wake, hakuilazimisha. Ndiyo maana kitabu na jalada lake vinabishana mpaka leo.

Ubishi huo huo umo katika maisha yake ya uongozi, na haifai tuufiche kwa kuwa twampenda. "Tujisahihishe" ni ya mwaka 1962, na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani nayo ni ya mwaka 1962. Mkono mmoja uliwaita watu waseme, mwingine ulishika ufunguo. Katika miaka ya sabini vijiji vilihamishwa, na wengi hawakuhama kwa hiari. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, vyama vya ushirika mwaka 1976. Na ilipofika miaka ya themanini vyote viwili vikarudishwa, na Nyerere mwenyewe akakiri mbele ya ulimwengu kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Tafsiri ilingoja sahihisho miaka sita. Halmashauri zilingoja kumi na zaidi. Daftari la karatasi ni jepesi kulirudia. Daftari la watu lina wakulima ndani yake, na mstari mwekundu hauwarudishii mavuno yaliyopotea. Wanachuo wangu hugawanyika hapa. Wako wanaosema kwamba kukiri huko kunamweka juu ya viongozi wengi wa zama zake, ambao hawakukiri lolote mpaka walipofukuzwa. Wako wanaosema, na kijana mmoja kutoka Busia alilisema kwa ukali, kwamba kiongozi anayejifunza kwa gharama ya wengine anapaswa kujifunza upesi zaidi. Sikuwaamulia, kwa sababu naona pande zote mbili zimesoma vizuri.

Alipoacha urais mwaka 1985 hakuiacha kalamu. Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 74, zilichapishwa Enjili zote nne na Matendo ya Mitume alizozigeuza kuwa tenzi za Kiswahili. Hapo vina vipo, mizani ipo. Mtu yule aliyeanza na mistari isiyo na vina alikwenda, uzeeni, kujifunza bahari ya utenzi, fani ya watu wa pwani, ambayo haikuwa ya kwao Butiama. Kama kazi, tenzi hizo hazilingani. Ziko beti zilizojazwa neno ili mizani itimie, na mtaalamu wa Lamu angetabasamu. Lakini nazipenda kuliko nizipendavyo tafsiri za Shakespeare, labda kwa sababu hakukuwa tena na cheo cha kuzilinda. Mzee amerudi kuwa mwanafunzi, na msomaji anaiona alama ya wino kidoleni.

Hapa chuoni tuna nakala moja tu ya "Juliasi Kaizari", nayo ni ya chapa ya 1969. Ile ya 1963 sijapata kuiona mkononi mwa mtu huku mpakani. Msomaji yeyote wa jarida hili aliye nayo, hata ikiwa imechanika, atatufanyia hisani kubwa akitunakilia walau onyesho moja, ili wanachuo waweke mistari ya zamani na ya baadaye ubavu kwa ubavu na kuhesabu wenyewe palipopigwa kalamu.

Makala haya, kabla ya kuyatuma, nilimpa asome yule mwanachuo aliyeuliza swali. Aliyarudisha baada ya siku tatu yakiwa na alama za penseli mahali patatu. Mbili nimezikubali na kuzirekebisha. Ya tatu yahusu neno lenyewe "makala": yeye ashikilia kwamba niseme "makala hii", mimi nimeandika "makala haya", na mpaka leo hatujapatana.